Siku moja na meno ya watu wa Ujiji

Saa 1:30 asubuhi. Nashuka kwenye bodaboda, benchi la nje limeshajaa, nusu yao wameshika shavu. Mimi ni tabibu wa meno huku Ujiji, na asubuhi zetu ni za ganzi na koleo. Watu wengi huja baada ya karafuu na maji ya chumvi kushindwa.

Saa 3. Mama na bintiye wa miaka 8. "Dokta, ling'oe tu, si la utoto hilo?" Nampa kioo, tunahesabu pamoja kutoka katikati: la sita. Hilo ni gego la ukubwani, likitoka halioti tena. Huota karibu na miaka 6, nyuma ya meno yote ya utoto, bila jino lolote kung'oka kwanza, kwa hiyo nyumbani hakuna anayeliona likija. Juu lina mifereji ambamo muhogo hunasa, na mtoto akiachiwa mswaki husugua ya kuchekea tu. Bahati tundu ni dogo. Naliziba. Mama namwambia asimame naye kila usiku mpaka mswaki ufike kule nyuma.

Saa 5, chai na maandazi. Ndiyo, ina sukari. Ila nainywa mara moja nikamaliza. Anayeonja kitamu kidogo kidogo kutwa nzima ndiye anayewapa bakteria kazi ya kutengeneza asidi inayotoboa meno, bila kupumzika.

Saa 6. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Anatumia mswaki wa mti tangu ujana, na kweli, kwa nje meno yanang'aa. Kwa ndani, upande wa ulimi, meno ya chini ya mbele yamefunikwa na ugaga mgumu, fizi zinatoa damu. Naukwangua. Mti wake simnyang'anyi. Namwomba tu usiku aongeze mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi, madini yanayokinga meno yasioze.

Saa 8, shule ya msingi, nafundisha kupiga mswaki. Dakika 2, mswaki ulale mshazari pale jino linapokutana na fizi, mizunguko midogo, bila kukwangua kama sufuria. Mvulana mmoja anamaliza, anabeba kikombe asukutue. Namzuia: tema povu, basi, floraidi ibaki mdomoni ifanye kazi. Darasa zima linaguna. Mwalimu wao ananivuta pembeni: "Dokta, hata sisi wakubwa?" Hata nyinyi, mwalimu.