Pete Inayokosea Upande Mmoja

Saa hii nimeivaa miaka kumi na moja. Chini ya maji nimeshuka nayo mara mbili. Siku nyingine zote imezamia kwenye vumbi la chaki, maana mimi ni mwalimu wa hisabati, na kilindi ninachokijua vizuri ni kile cha karatasi za kusahihisha.

Ni saa ya kuzamia, Seiko SKX007, toleo lililoanza kutengenezwa mwaka 1996. Uso mweusi, vidoa vikubwa vyeupe badala ya tarakimu, na mishale minene ambayo hata mtu aliyesahau miwani yake anaiona. Ufunguo, kile kitufe cha ubavuni cha kurekebishia saa, haukukaa mahali ulipozoeleka, penye 3. Umeshushwa hadi penye 4 ili usichome mgongo wa kiganja unapokunja mkono. Betri haina. Hata kutiwa ufunguo haikubali, inaishi kwa mwendo wa mkono: ukiivua siku mbili inalala, na ukitaka iamke unaitikisa kama kayamba. Ukivuta ufunguo ili urekebishe saa, mshale wa sekunde unaendelea na safari zake kana kwamba hukusema kitu. Kwa mtu anayependa usahihi hiyo ni karaha, na bado siivui. Sababu ni pete, ule mduara wa dakika unaozungushwa kandokando ya kioo.

Mwaka juzi nilikuwa nasimamia jaribio la dakika 40. Nikazungusha pete mpaka pembetatu yake ikaelekeana na mshale wa dakika, nikawaambia waanze. Ukishafanya hivyo huna haja ya kutoa wala kujumlisha: pale mshale ulipofika kwenye pete ndizo dakika zilizopita. Nikapita katikati ya madawati, nikainama kuokota rula ya mtoto mmoja, nikarudi mbele. Mshale ulipogusa 40 nikasema, "Kalamu chini."

Msichana wa mstari wa mbele, ambaye haonewi kirahisi, akanyoosha kidole kwenye saa ya ukutani. "Mwalimu, bado dakika mbili."

Alisema kweli. Nilipoinama, pete ilijikwaruza kwenye ubavu wa dawati ikaruka vituo vinne. Mzunguko mzima una vituo 120, kila kimoja nusu dakika, kwa hiyo vituo vinne ni dakika mbili kamili. Darasa likaangua kicheko, nikawarudishia muda wao. Jioni nikakaa na saa mkononi nikiizungusha: tk, tk, tk. Inakwenda kinyume cha mishale, basi. Ukiilazimisha upande wa pili inagoma.

Nilikuwa nimeizungusha hivyo kwa miaka bila kujiuliza kwa nini. Jibu lilikuwa ndani ya zile dakika mbili. Pete hii ikigongwa haiwezi kukupunguzia muda uliokwisha kupita. Inaweza kukuongezea tu. Mzamiaji aliyeigonga kwenye mwamba atadhani amekaa chini dakika 24 kumbe amekaa 22, atapanda mapema, na atafika juu akiwa na hewa ya ziada kwenye mtungi. Kama ingezunguka pande zote, ingeweza kumwambia bado ana muda wakati hana. Huko chini si hewa tu inayohesabiwa. Nitrojeni anayoivuta inayeyuka mwilini kwa sababu ya mgandamizo wa maji, na akikaa kupita kiasi hawezi tena kupanda moja kwa moja bila kuumia. Majedwali ya zamani ya jeshi la majini la Marekani yalitoa dakika 60 kwa kina cha futi 60, lakini kwa futi 100 yalitoa dakika 25 tu. Ukizidisha, ni lazima usimame njiani wakati wa kupanda. Ukiwa kwenye ile ya 25, dakika mbili si kitu cha kuchekea.

Hapo ndipo saa hii iliponiteka upya. Aliyeibuni pete ya namna hii hakujidai kwamba haitakosea. Alikubali itagongwa, kisha akaamua ikosee upande gani. Nafundisha makadirio kila mwaka, kupandisha na kushusha, na sijawahi kupata mfano mzuri kuliko huu. Ila kwa wanafunzi wangu kosa lile lile linalomwokoa mzamiaji ni wizi wa mchana.

Mwanzo wa habari hii ni mtu aliyeponea chupuchupu. Jean-Jacques Fiechter, aliyekuwa akiiongoza kampuni ya saa ya Blancpain, alikuwa mzamiaji mwenyewe, na siku moja hewa ilimwishia chini ya maji kwa sababu alipoteza hesabu ya muda. Miaka hiyo hiyo Robert Maloubier na Claude Riffaud, wa kikosi cha makomando wazamiaji cha Ufaransa, walikuwa wanatafuta saa ya kuwafaa watu wao. Haja hizo zikakutana, na mwaka 1953 ikatoka saa iliyoitwa Fifty Fathoms. Jina hilo linanifurahisha kwa sababu kwetu lina tafsiri tayari: pima hamsini, kama mita 91. Pima, ule urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa! Pete yake ilikuwa na kizuizi, haizunguki mpaka uibonyeze. Rolex nao wakaileta Submariner kwenye maonyesho ya saa ya Basel, Uswisi, mwaka 1954. Weka picha za saa hizo mbili kando ya yoyote ya kuzamia inayouzwa leo, na mtoto wa darasa la kwanza atakwambia ni ndugu.

Watu huliita hilo mtindo usiopitwa na wakati. Mimi naona maji ya giza hayajabadilika, basi. Kiwango cha kimataifa cha saa hizi, ISO 6425, kinataka muda usomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25, na tena kinataka saa ionyeshe gizani kwamba bado inatembea. Ndiyo maana kwenye yangu kuna kidoa kinachong'aa kwenye mkia wa mshale wa sekunde. Zamani rangi ya kung'aa ilikuwa na radiamu, baadaye tritiamu. Siku hizi ni rangi isiyo na mionzi inayokunywa mwanga mchana na kuutoa usiku. Mimi hushtuka usingizini mara kwa mara. Nikifungua macho, kile kidoa kinapita polepole kwenye giza, nami najua kimoja angalau kiko kazini.

Sijali mbio za kina. Mwaka 1960 Rolex walifunga saa nje ya chombo cha kuzamia cha Trieste, ikashuka na Jacques Piccard na Don Walsh hadi karibu mita 10,900, ikarudi inafanya kazi. Hongera zao. Yangu imeandikwa mita 200, na mimi mwenyewe nilianza kutetemeka kwenye tano.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza, na iliisha kwa aibu. Ufunguo wa saa hii unakazwa kama kifuniko cha chupa, nami asubuhi ile nilirekebisha tarehe nikasahau kuukaza. Niliporudi juu, kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani. Fundi saa aliifungua, akaikausha, akabadilisha mipira yote ya kuzuia maji, akanirudishia bila neno. Afadhali angenifokea.

Mara ya pili niliukaza mara tatu. Mwalimu wa kuzamia alivaa kompyuta kwenye mkono wa kushoto, kitu kilichoenea miaka ya 1980 na kinachopiga hesabu zote za kina, muda na nitrojeni chenyewe. Mkono wa kulia alikuwa na saa ya zamani yenye pete. Nikamuuliza ya nini. "Hii ya kushoto inajua kila kitu," akasema, "mpaka betri iishe." Tukashuka mita 14. Rangi nyekundu ya mkanda wa mguuni kwangu ikafifia ikawa kahawia, sauti pekee ikawa pumzi yangu. Nikatazama mkono: dakika 19. Miaka yote ile nilikuwa nikiizungusha pete kwa mazoea, kama mtu anayechezea kitufe cha shati. Pale chini nilimwonyesha mwalimu pete, akatazama yake, akainua kidole gumba. Tukapanda.

Kesho nina mtihani wa muda wa saa mbili. Mshale wa dakika utaipita pembetatu mara mbili, na msichana wa mstari wa mbele sasa ana saa yake mwenyewe. Nimeshaandika ubaoni nafasi ya kujaza saa ya kuanza.