Mvinyo wa Zamani Usipimwe kwa Lebo

Watu wengi wakiwekewa mezani chupa ya mvinyo mwekundu wa miaka mingi huanza kwa kusoma mwaka ulioandikwa kwenye lebo, na wakiona mwaka wenyewe ni wa zamani huanza kuusifu mvinyo hata kabla kizibo hakijatoka. Mimi naona sifa hizo hutolewa mapema mno. Mwaka hutuambia zabibu zilivunwa lini. Hautuambii chupa imelala wapi tangu wakati huo, na kwetu hapa Mwanza, ambako joto la mchana huzungukia nyuzi 28 karibu mwaka mzima, hilo la pili ndilo swali zito zaidi.

Chupa ninayoizungumzia ilifunguliwa Capri Point, nyumbani kwa mzee mmoja ambaye hupenda kunywa mvinyo kuliko kuuhubiri. Ilitoka Stellenbosch, Afrika Kusini, mavuno ya 2009, nayo ilichanganywa aina tatu za zabibu kwa mtindo wa Bordeaux, eneo la mvinyo la Ufaransa: sehemu kubwa Cabernet Sauvignon, kisha Merlot na Cabernet Franc kidogo. Mchanganyiko huo una sababu zake kule ulikoanzia. Kwenye ukingo wa kushoto wa mlango wa mto Gironde, ardhi ya Médoc imejaa changarawe inayopitisha maji upesi na kutunza joto, na hiyo huisaidia Cabernet Sauvignon, ambayo huchelewa kuiva. Ng'ambo ya kulia, Saint-Émilion na Pomerol, kwenye udongo wa mfinyanzi na mawe ya chokaa, Merlot ndiyo hutawala. Ya kwanza huleta ukakasi na uwezo wa kudumu, ya pili huleta ulaini. Isitoshe, hali ya hewa ya karibu na Atlantiki haitabiriki, hivyo mvua ikiharibu aina moja, nyingine huenda ikasalimika.

Ule uainishaji wa 1855, uliopanga mashamba ya mvinyo ya Bordeaux kwa madaraja, na ambao baadhi ya wapenzi wa mvinyo huutaja kama msahafu, ulifuata sifa na bei za sokoni za wakati ule, na badiliko lake kubwa tangu hapo ni kupandishwa kwa Château Mouton Rothschild hadi daraja la kwanza mwaka 1973. Una manufaa kwa wafanyabiashara. Kwa anayeonja, hausaidii sana.

Mwenyeji wetu alikuwa ameisimamisha chupa tangu siku iliyotangulia ili mashapo yatulie chini. Tulitazama kwanza mvinyo umefika wapi shingoni, kwa kuwa ukishuka sana ni dalili ya hewa kuingia, na tukakagua kizibo, ambacho kikiwa kimejisukuma juu huonyesha kwamba chupa iliwahi kupata joto kali. Vyote viwili vilikuwa salama, na si kwa bahati: chupa zake hulala kwenye friji ya mvinyo kwa nyuzi 14, na nyumba ina jenereta, kitu ambacho mkusanyaji wa mwambao huu asikiite anasa. Aliumimina polepole kwenye jagi la kioo huku tochi ya simu ikimulika shingo ya chupa, akakoma mara mashapo yalipoanza kusogea. Mvinyo mchanga unaweza kuachwa saa mbili upate hewa. Wa zamani huenda ukapoteza harufu yake ndani ya muda huohuo, kwa hiyo hatukungoja.

Juu ya karatasi nyeupe, katikati ya glasi palikuwa na wekundu uliokolea, lakini pembezoni rangi ilikuwa imeelekea ile ya tofali. Harufu ndiyo iliyonikalisha kimya kwa muda mrefu: kwanza zambarau zilizokaushwa, kisha tumbaku, ngozi, ubao wa mwerezi na, glasi ilipopata hewa zaidi, uyoga na udongo uliolowa. Hapakuwa na harufu ya boksi lililoloa, ambayo huletwa na kizibo kibovu, wala ya siki. Mdomoni ukakasi ulikuwa umelainika, kwa kuwa tanini, yaani viini vinavyoleta ukakasi huo, huungana kadiri miaka inavyokwenda na sehemu yake huzama ikawa mashapo, ilhali uchachu ulikuwa bado hai na ndio ulioushikilia mvinyo wote. Ladha ilibaki ulimini muda mrefu baada ya kumeza, na kwangu hicho ndicho kipimo nikiaminicho kuliko rangi.

“Kijana, usiuache upate joto,” mzee alinionya, akilirudisha jagi kwenye baridi kila baada ya kumimina. Ana haki: mvinyo wa namna hii hufaa unywewe kwa nyuzi 16 hadi 18, na sebule zetu ziko juu ya hapo, hata upepo wa ziwa ukivuma. Mezani palikuwa na sangara wa kukaanga na nyama ya mbuzi; kwa sangara mvinyo uliacha ladha ya chuma, kwa mbuzi ulitulia vizuri.

Hukumu yangu ni kwamba mvinyo huu ni mzuri sana lakini umeshafika kileleni, na tunda lililobaki ndani yake halitoshi kungoja miaka mingine mitano. Mzee amebakiwa na chupa mbili za mavuno hayohayo, nami nimemshauri azifungue mwaka huu.