Herufi é ilivyonitoa jasho Kirumba

Mfanyabiashara wa dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, Mwanza, aliniletea barua ya Kifaransa ya kuchapa, iende Bujumbura. Kufika kwenye é nikakwama. Nilishikilia kitufe cha Alt kwenye kibodi ya kompyuta, nikabonyeza 233 kwenye namba za mstari wa juu: kimya. Nikahamia namba za upande wa kulia, nikawasha Num Lock (kitufe kinachoziwezesha namba hizo), ikatoka Θ ya Kigiriki! (Mteja naye anachungulia begani.) Kumbe nimesahau sifuri. Bila sifuri mbele, Windows husoma jedwali la herufi la zama za DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows. Alt na 0233 ikaleta é. 0201, É kubwa. Tumia Alt ya kushoto, maana kwenye kibodi ya Kifaransa, Alt ya kulia ina kazi nyingine. ç ndogo ni 0231, nimeibandika pembeni ya skrini.