Alipoona Nimeusogeza Mkoba
Jumapili iliyopita nilikutana na kijana mmoja kwenye bustani ya Mama Ngina, Mombasa, na kilichonifurahisha kuliko mazungumzo yenyewe ni jinsi alivyozingatia hali yangu: alipoona nimeuhamishia mkoba katikati yetu na majibu yangu yamekuwa mafupi, alisogea kando bila kununa, akaniuliza kama ningependa tuendelee kukaa au tuondoke. Nilimjibu kwamba ninapenda kukaa, ila sipendi kushikwashikwa bega na mtu ninayeonana naye kwa mara ya kwanza. Akakubali, tukaagiza mihogo ya kukaanga (pilipili yake, kwa kweli, ilikuwa kali mno), na mazungumzo yakachangamka upya. Wengi hudhani kwamba msichana akicheka kwa haya au akinyamaza amekwisha ridhia, ilhali kifungu cha 42 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006 kinaeleza kuwa kuridhia ni kukubali kwa hiari, mtu akiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Nauli ya matatu iliyolipwa na mwanamume haimo katika maelezo hayo, wala soda. Tumepanga kuonana tena, mahali nitakapochagua mimi.