Siku moja maishani mwangu: kufuata hela za ufisadi zilizovuka mpaka

Saa mbili asubuhi nishakaa, cha kwanza naangalia kilichoingia usiku maana wenzetu wengine wanapiga kazi sisi tumelala. Leo kuna jibu limepita kwenye mtandao salama wa Egmont Group, ule umoja wa vitengo vya taarifa za fedha vya nchi mbalimbali, vile vinavyopokea na kuchambua taarifa za miamala yenye mashaka, ulioanza 1995. Zile hela za zabuni tunazozifuatilia ziliingia akaunti ya kampuni ya mfukoni huko nje, na siku ileile zikagawanywa zikahamia nchi nyingine. Inauma jamani, hela inavuka mipaka miwili kwa siku moja na barua yetu inaweza kuzunguka miezi.

Na jibu lenyewe siwezi kulipeleka mahakamani, hili wengi hawalijui. Linatuonyesha tu pa kutafuta, hata kumpa mtu mwingine mpaka aliyekupa aridhie. Ukitaka ushahidi wa kusimama mbele ya hakimu unaandika ombi rasmi la usaidizi wa kisheria, yaani nchi yetu inaiomba nchi ile itusaidie kupata ushahidi.

Saa nne ndo nimezama kwenye hilo ombi. Rasimu ya kijana wetu inasema "tunaomba taarifa zote za benki za mtuhumiwa", nikamwambia mdogo wangu hii itarudi, huku ni kurusha wavu gizani. Tukaandika upya: namba ya akaunti, miamala ya kuanzia lini hadi lini, nani alisaini zabuni na ana undugu gani na mwenye kampuni, kosa liko kifungu gani, adhabu yake nini. Anayesoma kule hamjui mtuhumiwa wetu hata kidogo, lazima aione mwenyewe hela ikitoka kwenye zabuni na kuingia pale. Imetuchukua mpaka saa saba.

Saa nane simu ya video na mwendesha mashtaka wa kule, tumempa rasimu aisome kabla haijawa rasmi, na kwangu mimi hii nusu saa inaokoa muda kuliko kitu kingine chochote. Usiri wa benki hakuuleta kabisa, ibara ya 46 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa wa 2003 inakataza kuufanya sababu ya kukataa. Ila anataka tuandike wazi kwamba taarifa zitatumika kwa kesi hii tu, na ombi la kuzuia akaunti litangulie peke yake. Sawa kabisa.

Saa kumi nikakuta ombi la nchi nyingine kwetu, wanauliza mmiliki halisi wa kampuni iliyosajiliwa hapa, limelala ofisi ya jirani wiki kadhaa!! Hapo nachukia kweli, tunalalamika wenzetu wanachelewa halafu na sisi tunawafanyia hivyohivyo. Nimelifuata mwenyewe mpaka masijala, majina yamepatikana na jibu limeondoka leoleo. Letu linasubiri saini ya bosi kesho asubuhi, la kuzuia akaunti nimeliweka juu.