Kwa mashua na watoto hadi Llangollen

Tulipoamua kupitisha likizo yetu kwenye mfereji wa mashua unaofika Llangollen, mji wa Wales, binti yetu alikuwa na umri wa miaka sita na mdogo wake mitatu, na karibu kila tuliyemweleza alidhani watoto wangechoshwa na chombo kisichoruhusiwa kuzidi maili 4 kwa saa. Mashua tuliyoikodi Ellesmere, upande wa Uingereza karibu na mpaka wa Wales, ilikuwa ya chuma, ndefu sana kwa upana wake wa mita 2 na ushei, yenye vitanda, jiko na choo, vyote vimepangwa kwa mstari mmoja kuanzia omo hadi tezi.

Aliyetufundisha kuiendesha alisisitiza jambo moja kuliko yote: ikikaribia kugonga ukuta, mtu yeyote asijaribu kuizuia kwa mkono wala mguu, kwa kuwa ina uzito wa zaidi ya tani 10. Maji ya mfereji ni ya kina kifupi, mtu mzima akianguka husimama. Hatari yenyewe ni kubanwa kati ya mashua na ukingo, au kufikiwa na rafadha. Kwa hiyo tuliweka sheria kwamba mtoto hatoki nje bila jaketi la kuokolea, wala hakai omoni bila mtu mzima kando yake. Mdogo alilichukia jaketi lile kwa moyo wote, na majadiliano juu yake yalituchosha kuliko usukani, ambao nao una vituko vyake: ukiusukuma mkono wake kushoto, omo huelekea kulia. Binti yetu alilielewa hilo kabla ya baba yake, na hakuacha kumkumbusha.

Uchovu tuliotabiriwa haukutokea, nadhani kwa sababu mferejini kila mtu ana kazi. Huko New Marton kuna vyumba viwili vyenye malango vya kupandishia mashua kwa kujazwa maji, na safari ya kuelekea Wales huviingia kutokea chini, katikati ya kuta ndefu zenye ukungu na maji yanayotiririka. Nilibaki nchi kavu na binti yangu, tukazungusha mtaimbo wa kufungulia maji kidogo kidogo ili mashua isirushwe huku na huku, kisha tukaegemeza migongo kwenye boriti la lango na kungoja. Lango halisogei hata kidogo mpaka maji ya pande zote mbili yawe sawa. Yakishalingana, hata nguvu za mtoto huonekana kusaidia. Alitaka turudi nyuma tuanze upya.

Huko Chirk tulivuka mpaka juu ya daraja la maji, yaani daraja linalobeba mfereji wenyewe, la mwaka 1801, na papo hapo tukaingia katika handaki la mita 421, ambamo mdogo aligundua mwangwi na kuutumia mpaka mwisho.

Pontcysyllte, kwenye daraja jingine la maji, ndiko nilikokuwa nikikuogopa tangu mwanzo. Wahandisi William Jessop na Thomas Telford walilipitisha daraja hilo juu ya bonde la Mto Dee, likafunguliwa mwaka 1805: hori la chuma lenye urefu wa mita 307, lililobebwa na nguzo 18 za mawe, kiasi cha mita 38 kutoka mtoni. Upande mmoja una njia ya waenda kwa miguu na reli ya kushikilia. Upande wa pili hauna kitu. Ukingo wa hori umezidi maji kwa inchi chache tu, na aliyeketi ndani ya mashua huona hewa tupu. Niliwaingiza watoto ndani, nikafunga milango ya omoni na kuwashika mmoja huku mwingine huku dirishani, nami nikajitahidi kuyakodolea macho masikio yao. Wao walikuwa wakihesabu kondoo bondeni.

Baada ya kijiji cha Trevor mfereji hubana kiasi kwamba mashua mbili haziwezi kupishana, hivyo nilitangulia kwa miguu na binti yangu kuwazuia waliokuwa wakija. Tulipofika Llangollen tulikuta farasi akiikokota mashua ya watalii kwa kamba, kazi inayofanyika hapo tangu mwaka 1884. Watoto walimfuata kando ya maji mpaka tukalazimika kuwabeba kurudi, na walipoulizwa baadaye kuhusu likizo, walimsimulia farasi. Daraja hawakulitaja.