Siku moja maishani mwangu: ndoo sita za dagaa, Igombe

Saa 10 alfajiri kazi ya kwanza ni kutoka nje kutazama anga. Moto utasubiri. Nyota zikionekana mpaka chini kabisa upande wa Ukerewe, leo tunanunua ndoo sita za dagaa wabichi wa kuanika juani na kuuza. Upande huo ukiwa umefunga na radi zinamulika kwa mbali, ni ndoo mbili, au tunakaa na hela yetu. Huu ni Novemba, vuli imeshaingia, na dagaa mbichi ukishamtoa kwenye mtumbwi huna pa kumrudisha. Leo anga ni safi. Sita.

Nyumba hii ya Igombe, kando ya Ziwa Victoria huku Mwanza, ina watu saba: bibi, baba watoto, mimi na watoto wanne. Inaendeshwa na mwezi kuliko kalenda ya ukutani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola na betri. Dagaa hufuata mwanga, wavu ukawazunguka. Mbalamwezi ikitanda, taa hazivuti, na mitumbwi hulala nchi kavu wiki nzima au zaidi. Siku hizo ndizo michango ya shule huumiza, kwa sababu hakuna kinachoingia. Anayeanza kazi hii asipange kodi wala marejesho ya mkopo yaangukie kwenye mbalamwezi.

Saa 11 unga wa muhogo na mtama unapanda jikoni, uji wa wanaokwenda shule. Baba watoto anatoka na pikipiki. Bibi anaamka na kufagia chini ya vichanja, meza zetu za kuanikia dagaa. Magamba na vichwa vya jana vikibaki pale, nzi wa leo watakuwa wameshajipatia makao.

Saa 12 mwaloni, ufukweni wanaposhushia samaki. Mitumbwi inaingia mmoja mmoja, na hapa ndipo faida ya siku hupatikana au hupotea, kabla jua halijatoka vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wa saa ngapi hawa?"

"Wa saa 9, mama. Tazama macho."

Tazama kweli. Jicho liwe angavu, lisiwe na ukungu. Tumbo liwe zima. Dagaa aliyevuliwa mapema usiku na kulala chini ya wenzake mpaka asubuhi hupasuka tumbo, na huyo akikauka huvunjika akawa chenga. Ingiza mkono mpaka katikati ya rundo, usinunue kwa kutazama juu tu. Kisha itazame ndoo ya kupimia: kitako kilichobonyezwa kwenda ndani kinakula samaki wako bila wewe kujua. Na mwambie anayechota ainamishe ndoo maji yatoke kwanza. Maji ya chini ya mtumbwi ni mazito, nawe unayalipia kwa bei ya dagaa.

Bei hubadilika kila asubuhi, kwa hiyo hesabu hii ni mfano tu. Ndoo ya lita 20 hubeba kilo 18 hivi za dagaa wabichi. Ndoo sita ni kilo 108. Jua likiwa zuri, kilo nne mbichi hutoa karibu kilo moja kavu, kwa hiyo jioni utakuwa na kilo 27. Ndoo ikiwa shilingi 20,000, umetoa 120,000. Ongeza wabebaji 6,000 na nauli ya mzigo mpaka soko la Kirumba mjini Mwanza 5,000, jumla 131,000. Gawa kwa 27: kila kilo imekugharimu karibu shilingi 4,850 kabla hujajilipa wewe wala bibi. Ukiuza chini ya hapo unakula mtaji, hata kama mkononi una noti nyingi. Wengi wanaofilisika hapa hawakuibiwa na mtu. Hawakugawa.

Kuosha ni kwa haraka, kwenye matenga, mara mbili, bila kuloweka, kwa sababu dagaa aliyelowekwa hulainika. Maji yachotwe palipo wazi, mbali na magugu ya ukingoni, kwa maana konokono wa kichocho hukaa kwenye magugu. Anayechota avae gambuti. Watoto wetu hawaruhusiwi kusimama humo hata kwa dakika mbili za kuosha vyombo. Maji ya kuoga hukaa kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili kwanza, na ya kunywa huchemshwa. Shuleni wakigawa vidonge vya kichocho, hakuna wa nyumba hii anayekosa siku hiyo.

Saa 2 tunaanika. Vichanja ni vitatu, kila kimoja urefu wa mita 15 na upana wa mita 1 na robo, ili mkono ufike katikati ukiwa umesimama upande wowote. Kimo ni cha kiuno. Upepo upite chini, kuku, bata na mbwa wasifike. Nguzo ni za miti, fito juu yake, na juu kabisa nyavu kuukuu za dagaa zilizovutwa zikakaza. Wavu ukilegea katikati, dagaa hukusanyika bondeni na hapo huoza. Kila kichanja kinachukua ndoo mbili, tabaka moja tu, unamwaga kwa kurusha kama anayetawanya mbegu. Ndoo ya tatu inaonekana itaenea. Haienei. Inalaliana, na ya chini hutoa harufu kabla ya saa 8.

Wapo wanaoanika mchangani kwa sababu hakuna gharama, na wapo wa kwenye majabali. Jabali hukausha upesi, ila dagaa hugandamana nalo, ukimbandua ngozi yake ya fedha inabaki kwenye jiwe. Wa mchangani, mnunuzi wa Kirumba humtafuna mmoja tu, akisikia mchanga kwenye jino anashusha bei palepale. Kichanja kimoja hugharimu nguzo na siku mbili za kazi, na kinadumu misimu kadhaa. Sioni sababu ya kuendelea na mchanga.

Mara ya kwanza kugeuza ni saa 3 na nusu kuelekea saa 4, ngozi ya juu ikishashika ukavu. Ukiwahi unapasua matumbo. Ukichelewa wananata kwenye wavu. Watu wawili wanashika kingo, wananyanyua kidogo, wanatikisa, kisha viganja vinapita vikitenganisha waliogandana. Baada ya hapo, kila baada ya saa mbili. Bibi anakaa kivulini na fimbo ndefu kwa ajili ya ndege. Hiyo si kazi ya kumpa mzee ili asijisikie vibaya. Saa nzima bila mlinzi, ndege peke yao huondoka na kilo.

Saa 5 inakuja simu ya msiba. Mzee wa nyumba ya nne kutoka kwetu amefariki, maziko ni leo saa 10.

Dagaa na msiba havijawahi kupatana, na mtaa huu umelitafutia jambo hilo utaratibu. Kina mama wote wanakwenda: mmoja na unga, mwingine na kuni, mwingine na sufuria kubwa. Wawili wanabaki na vichanja vya mtaa mzima, ambavyo leo ni kumi na kimoja. Wanaobaki hawahesabiwi kuwa hawakufika msibani, majina yao yanatajwa mbele ya wafiwa. Zamu inazunguka, na leo si yetu. Kabla ya kuondoka kila nyumba inaacha turubai limekunjwa chini ya kichanja na mawe manne ya kulikandamizia. Mvua ikija, wavu unakunjwa kutoka ncha zote mbili kuelekea katikati, turubai linawekwa juu, pembeni unaachwa upenyo wa hewa. Mvua ikikatika tu, turubai linatoka. Dagaa wenye joto wakifunikwa saa nzima bila hewa hutoka jasho, na jasho hilo ndilo mwanzo wa kuoza. Waliokwisha kulowa kabisa huwa chakula cha kuku, kwa bei isiyorudisha hata mtaji.

Chakula cha msibani ni dagaa wa wiki iliyopita. Unawatoa vichwa, unawaosha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, unawachuja wakauke. Mafuta yapate moto kwanza, dagaa waingie peke yao mpaka wakakamae, ndipo kitunguu, kisha nyanya nyingi na chumvi. Ukianza na kitunguu, dagaa wanachemka badala ya kukaangika na wanatoa shombo.

Leo pia ilikuwa siku ya kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, saa 9. Kikao kimeahirishwa, lakini sanduku limefunguliwa. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba tofauti. Kinachotoka ni mfuko wa jamii, ambao kila mwanachama huuchangia pembeni ya hisa zake. Kiasi cha rambirambi kimeandikwa kwenye katiba ya kikundi, kwa hiyo hakuna mjadala siku ya huzuni. Wenye vikundi visivyo na kipengele hicho wakiandike mapema, wakati hakuna aliyefiwa. Kukibishania mbele ya jeneza kunavunja kikundi.

Saa 11 tumerudi makaburini, tunaanua kabla umande haujashuka. Dagaa aliyekauka ukimkunja hukatika kwa mlio. Akipinda kama uzi, bado. Ukishika konzi moja na kuibana, ukiachia watawanyike, wasibaki donge. Rangi iwe ya fedha. Manjano inamaanisha mafuta yake yameanza kuharibika. Wakitoka kichanjani wanapita kwenye chekeche, kisha wanakaa kivulini mpaka wapoe kabisa. Ukiwatia kwenye gunia wangali na moto, usiku watatoka jasho humo ndani na baada ya siku chache utakuta ukungu. Gunia linakaa juu ya mbao, mbali na ukuta. Kuna wanaopuliza dawa ya wadudu juu ya dagaa ili wasiliwe na wadudu wadogo wa stoo. Naomba sana jambo hili liachwe. Dagaa huliwa mzima, na hakuna mama anayeweza kuiosha sumu hiyo ikaisha, na wanaomla zaidi ni watoto.

Vichanja viwili vimekauka barabara. Cha tatu kinapinda. Kiko karibu na ukuta wa jirani, kivuli hukiangukia kuanzia saa 9, kwa hiyo huhitaji kugeuzwa saa 7 badala ya saa 8. Wale wawili waliobaki walikuwa na vichanja kumi na kimoja na mikono minne, wamefika pale saa 8 na nusu. Hawana kosa. Lilikuwa jukumu letu kuwaachia maelekezo ya kuanza na hicho.

Saa 2 usiku mizani inasema kilo 18 kwenye gunia. Za kichanja cha tatu zimetandazwa kwenye wavu ndani ya stoo, tabaka jembamba, dirisha wazi. Kuzirundika usiku mmoja tu zinapata joto zenyewe na kubadilika rangi. Mtoto wa darasa la 5 anafanya hesabu zake za shule kwenye meza ileile yenye daftari la dagaa, na bibi anamtumia yeye kukagua jumla ya leo.

Kesho saa 2 hizo za stoo zitatangulia kutoka nje, zitashika kichanja cha kwanza mpaka saa 6. Kwa hiyo kesho, hata anga ikiwa safi namna gani, ni ndoo nne.